Ndoo Mlangoni kwa Mwalimu

Asubuhi ile nilifunga begi langu Masasi bila kujua naelekea wapi. Si jambo geni kwangu. Tangu nilipoacha shule kabla ya kumaliza, miguu yangu huamka kabla ya kichwa. Kibarua changu cha kupika kwenye ghala la korosho kilikuwa kimekwisha, nikaketi karibu na stendi kunywa chai na kuchagua njia. Pembeni yangu vijana wa bodaboda walikuwa wakibishana juu ya timu yao iliyofungwa jana yake.

"Kocha afukuzwe leo leo!" alisema mmoja. "Tangu aje, tumeona nini?"

"Na mwenyekiti amfuate," akadakia mwenzake. "Tena nawabeba mimi, mshikaki, wote wawili kwenye pikipiki moja."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini nikaweka kikombe chini, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka ua wa Bibi, Newala. Lori la magunia matupu lilikuwa likijiandaa kupanda huko. Nikamwomba dereva nafasi.

Kama hukukulia Newala, ndugu yangu, huenda hujui uzito wa ndoo ya maji. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu. Mto Ruvuma unauona kule chini uking'aa, nawe una kiu. Utotoni mwangu bomba lilikohoa zaidi ya lilivyotoa, kwa hiyo tuliishi kwa visima vya saruji vilivyochimbwa uani, vikipokea mvua kutoka kwenye bati. Mvua ya kwanza Bibi aliiacha ioshe bati, ndipo akaelekeza mfereji kisimani. Mpaka leo nikisikia matone juu ya bati, nasikia na sauti yake ikituharakisha tutoe majani kwenye mfereji, na harufu ya ming'oko, ile mizizi ya porini, ikichemka jikoni.

Timu yetu wakati huo ilikuwa imeshuka daraja. Ilikuwa timu ya wachezaji wa kulipwa, si ya mchangani, na aibu yake tuliibeba mji mzima. Kila msimu wa korosho ukifika, watu walipata pesa, na pesa zikawapa sauti: akaletwa kocha mpya, mwenyekiti mpya, wachezaji wapya. Kabla hawajajuana vizuri, wameshatawanyika.

Ila kwetu hakuna aliyemwambia kocha uso kwa uso, "Ondoka." Tuna haya. Kocha alipangishiwa nyumba mtaani kwetu, na kaya zilipokezana kumwekea ndoo ya maji mlangoni kila alfajiri. Timu ikifungwa mfululizo, ndoo zilikoma. Mgeni wa watu anaamka, anakuta mlango mkavu, anaelewa. Jioni unamwona stendi na sanduku lake.

Ndipo akaja yule tuliyemwita Mwalimu. Mrefu, mpole, mpenzi wa ming'oko kupita sisi wenyewe. Aliwaacha wachezaji wenye majina, akachukua vijana wa kata za jirani, akawafundisha kupeana pasi wiki baada ya wiki bila kupiga golini. Watu walikwenda mazoezini kucheka. "Mwalimu, magoli utayaleta kwa barua?" walimtania. Yeye alijibu jibu lile lile: "Timu haiokotwi njiani."

Tukafungwa. Tukafungwa tena. Ndoo ya jirani wa kulia ikakoma, kisha ya muuza samaki, kisha za mtaa mzima. Ikabaki ya Bibi. Mbebaji nilikuwa mimi, na ulikuwa wakati wa kiangazi. Kila nilipoteremsha ndoo kisimani kamba ilizidi kuwa fupi. Tulianza kuoga kwa kopo. Maji ya kuoshea muhogo tuliyatumia kuoshea vyombo. Sikufurahi. Nilikuwa mtoto, nilitaka Mwalimu aende zake nioge.

Alasiri moja mwenyekiti wa timu akaja uani, Bibi akiwa anapura mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alizungukazunguka, akasifia mbaazi, akauliza hali ya mikorosho. Mwisho akasema, "Mama, ile ndoo. Ukiiacha na wewe, yule bwana ataelewa mwenyewe. Hatutagombana na mtu."

Bibi hakujua kuotea ni nini; alidhani mwamuzi ni mchezaji aliyekosa wenzake. Lakini aliweka ungo chini, akaonyesha kisima kwa kidole.

"Hicho mwaka wa kwanza kilivuja, nikakiziba. Mwaka wa pili kikavuja pengine, nikaziba napo. Ningechimba kingine kila kikivuja, mwanangu, ua huu ungekuwa mashimo matupu, na wewe leo ungetumbukia."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Watu watanitoa na mimi, mama."

"Basi waje wakukute umesimama. Kama humtaki, nenda kamwambie kwa mdomo wako. Usitumie kiu."

Aliondoka. Kesho yake alfajiri, nikipeleka ndoo, nilikuta nyingine mlangoni kwa Mwalimu. Yeye mwenyekiti, mwanamume mzima mwenye tumbo lake, alikuwa amepita nayo kichwani katikati ya soko, mkono mmoja umeishika, shati limelowa. Wanawake wakapiga vigelegele vya kejeli. "Mwenyekiti ameolewa!" Naye akaenda hivyo hivyo. Jumapili ile tulifungwa tena. Jumatatu akabeba tena.

Taratibu ndoo zikarudi. Mwalimu akabaki, mwenyekiti akabaki, vijana wakakua pamoja mpaka kila mmoja akajua mwenzake atakuwa wapi bila kutazama. Walipopanda daraja mimi nilikuwa mbali, nikiosha sahani za watu, nikaisikia habari redioni. Bibi alikuwa ameshalala kaburini. Ua wake umeuzwa, kisima kimefukiwa, na siku hizi makocha huondolewa kwa simu, hawajui hata nani alikuwa jirani yao.

Lile lori liliharibika Mkunya jioni, kabla hatujafika Newala. Sikuwa nimewahi kulala Mkunya. Nikaelekezwa kwa mama mmoja anayepangisha vyumba nyuma ya mikorosho yake. Akanitazama begi, akanitazama viatu.

"Unakaa siku ngapi?"

Swali hilo nimelijibu miji mingi, na kila mara kwa jibu la mtu anayeondoka. Safari hii nilitazama bati la nyumba yake, kama lina mfereji.

"Nikwambie mapema, dada," akaendelea, "maji ni shida hapa. Kisima kinavuja. Mwanangu anasema tukifukie, tuchimbe kingine."

Nikatua begi chini.

"Kinavuja upande gani?"