Vidole Alivyovipaka Wifi Yangu

Wifi yangu Hanifa ni mpambaji wa maharusi. Kuanzia Gazi mpaka Ukunda, bibi harusi ambaye hakupambwa na Hanifa huonekana kama kaolewa kwa haraka. Nimemwona akichora ua la piko, ile rangi nyeusi ya kupambia ngozi, kwenye kifundo cha mguu huku anamgombeza kaka yangu Boga kwa simu, na mstari haukupinda hata kidogo. Ndiyo maana watu hunicheka ninapowaambia kwamba mwanamke huyo ni mwoga kuliko wote niliowahi kuwajua, na kwamba anachokiogopa ni kitu kimoja tu: sindano.

Mimi ni Mwanatumu, mhudumu wa afya wa kijiji. Napita nyumba kwa nyumba na mkoba na daftari, nikiuliza nani mjamzito, nani anakohoa, mtoto gani hajachanjwa. Basi hebu fikiria aibu yangu, kwamba mtoto ambaye hajachanjwa alikuwa nyumbani kwa kaka yangu mwenyewe.

Hofu yake haikutoka hewani, na hilo nalisema kwa haki. Husna, kifungua mimba wake, alipokuwa na miezi mitatu na nusu alichanjwa asubuhi, na alasiri akapandwa na homa, kisha degedege. Nilikuwepo. Mtoto alikakamaa, macho yakageuka meupe, na mama yake akawa anamwita jina kwa kelele, utadhani yuko mbali. Zilikuwa dakika mbili tu, na Husna leo ana miaka minane na mdomo kunishinda mimi. Lakini walipofika zahanati, aliyewapokea alisema, "Ni kawaida, mama," bila hata kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Mimi nadhani neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Umekiona kifo cha mwanao, halafu mtu anakwambia ni kawaida!

Alipozaliwa Issa, Hanifa hakumpeleka kuchanjwa. Kaka yangu hushinda jikoni katika hoteli moja ya Diani. Aliambiwa kadi ya mtoto iko sawa, akaamini. Mimi nilibishana na wifi yangu mpaka koo likakauka. Nilimwambia surua inaua.

"Wifi, surua sijaiona," alinijibu. "Degedege nimeiona kwa macho yangu haya."

Juu ya hapo zikaja zile sauti za WhatsApp za watu wasiojulikana, eti chanjo inafunga uzazi, eti haifanyi kazi, eti watoto wetu ni wa kufanyiwa majaribio. Hanifa alizisikiliza huku anakoroga hina. Kila sauti nilikuwa na jibu lake, ila kwa yale macho meupe ya Husna sikuwa na jibu.

Kisha ikaja kampeni ya surua. Nilizunguka na sista Concepta, muuguzi kutoka bara, mwenye kisanduku cha barafu na Kiswahili cha mbio. Mtoto akishachomwa, tulimpaka wino mweusi kwenye ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ijulikane amepata. Nyumba ikimalizika, mimi niliandika kwa chaki mlangoni.

Tulimkuta Issa kizingitini, mwaka mmoja na miezi mitatu, kidole tayari cheusi.

"Alichomwa jana sokoni," alisema Hanifa.

Sista Concepta akashukuru, akatangulia nyumba ya pili. Mimi nikabaki nakitazama kidole kile. Wino wa kampeni hung'aa na kupauka pembeni. Piko huingia ndani na ukingo wake huwa safi. Nimekaa na wifi yangu miaka kumi. Piko naijua, naye alijua kwamba naijua. Niliinua chaki nikaandika kwamba nyumba imekamilika, kwa sababu sikutaka kumfedhehesha kaka yangu mbele ya mgeni. Nilijiambia nitarudi tuzungumze tukiwa wawili. Sikurudi.

Ambacho sikukijua ni kwamba akina mama wengine nao walimwendea kwa siri. Wa kwanza alikuwa jirani yake Zainabu, na watoto wake wawili: Mwero wa miaka minne, na Kadzo, binti wa miezi kumi. Ukimjumlisha Issa, Hanifa alipaka watoto saba. Hakutaka hata ahsante, maana aliona anawaokoa.

Siku chache baadaye Mwero alichukuliwa na bibi yake kwenda Samburu, akakaa huko karibu wiki tatu. Alirudishwa siku ya Jumapili mchana, ana homa, macho mekundu yanachuruzika, akalala kwenye mkeka mmoja na dada yake na Issa, aliyekuwa amekuja kucheza kwao. Jumatatu vipele vilijaa uso mzima. Zainabu akamkimbiza zahanati. Akaulizwa kama mtoto amechanjwa surua. Mwanamke wa watu aliona haya kusema ukweli, akanyanyua tu kile kidole. Basi wakaandika kwamba ni mzio, wakampa dawa ya kunywa, wakamrudisha nyumbani.

Kufikia Jumanne kijiji kizima kilijua ni surua, hata kama karatasi ilisema mengine. Bibi zetu huijua kwa kuitazama tu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kikwelikweli. Maana maneno yaliyotembea yalikuwa haya: Mwero alichanjwa, na Mwero anaugua, kwa hiyo chanjo ni maji matupu. Kesho yake ilikuwa siku ya marudio, ya kuwachoma watoto waliobaki. Nilikuwa nao thelathini na wawili daftarini, na surua imeshaingia katikati yao. Wazazi walioniahidi kuja wakaanza kunipungia mkono kwa mbali. Nikaenda kwa Hanifa.

Nilimkuta amemvua Issa nguo zote, anamkagua ngozi nyuma ya masikio.

"Wifi, niambie ukweli. Mwero atapona?"

"Sijui."

"Na huyu?"

"Huyu hana kinga yoyote. Wewe ndiye wa kwanza kujua."

Akamfunika mtoto kwa leso kwa haraka, kana kwamba nimemtolea jicho baya. "Nikisema, Boga ataniacha. Zainabu ndugu zake wataniua."

"Na usiposema, kesho hakuna atakayeleta mtoto."

Nilitoka nikiwa na hasira naye, na hasira kubwa zaidi na nafsi yangu.

Jumatano asubuhi tuliweka meza kwenye uwanja wa madrasa. Watu walikuja wengi, lakini walikuja kugomba. Zainabu alifika na Kadzo mgongoni, anangoja gari la kumpeleka Mwero hospitali ya Msambweni, maana mtoto alikuwa anapumua kwa shida, mbavu zinaingia na kutoka. Kaka yake Zainabu, Mramba, ndiye aliyembeba Mwero. Akaunyanyua mkono wa mtoto juu watu wote wauone.

"Itazameni alama hii! Sista, mlimchoma, hamkumchoma?"

"Siwezi kukumbuka kila mtoto," sista Concepta alisema, "lakini alama iko."

"Basi dawa yenu ina kazi gani?"

Watu wakaanza kugeuka kwenda zao. Nilipaswa kusema. Lakini nilichofikiria, Mungu anisamehe, ni kazi yangu. Ndipo nilipomwona Hanifa anainuka kule nyuma, Issa kifuani.

"Mwero hakuchomwa," alisema. Hakuna aliyemsikia. Akapaza sauti mpaka ikapasuka. "Mwero hakuchomwa! Kidole hicho nilikipaka mimi, kwa piko. Na cha mwanangu. Na cha Kadzo. Wote saba ni mimi!"

Mramba alimpa dada yake mtoto, akamjia Hanifa. Nikasimama katikati.

"Na mimi niliona," nilisema, "nikaandika chaki."

"Mwache, kaka," Zainabu alisema kutoka nyuma yake. "Mimi ndiye nilimwomba."

Gari likapiga honi. Zainabu akamfungua Kadzo mgongoni, akamweka mikononi mwa Hanifa pamoja na Issa. "Mchomeshe na wako. Mimi siwezi kungoja." Akapanda na Mwero, mlango ukafungwa.

Sista Concepta aliuliza watoto hawa wamekuwa karibu na mgonjwa tangu lini. Tangu Jumapili mchana, nikamwambia. Akahesabu.

"Hazijatimia siku tatu. Tukiwachoma sasa inaweza kuwasaidia, Mama Husna. Siwezi kukuahidi. Na nisikufiche, wiki ijayo wanaweza kupandwa na homa, na mara chache sana mtoto hupata degedege. Ikitokea, nipigie simu mimi, saa yoyote. Nitakuja mwenyewe."

Hanifa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nianze na nani?" sista aliuliza.

"Wangu," alisema, akafumba macho.

Msidhani wazazi walimiminika mezani. Wapo waliomtukana, wakatema mate, wakaenda. Lakini mama mmoja akarudi, kisha watatu, na wale wengine waliopakwa piko nikawafuata mlango kwa mlango, nikawaleta wote. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimekata majina kumi na tisa daftarini. Yaliyobaki nayaota mpaka leo.

Hanifa hakuondoka uwanjani. Alikaa barazani mwa madrasa, Kadzo mapajani, anampapasa paji la uso kila dakika, kisha anampapasa Issa, kisha anarudi kwa Kadzo. Baada ya sala ya alasiri simu yake ililia. Nikaipokea, nikamshikia sikioni. Zainabu alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nilisikia kila neno.

"Mwero ametangulia."

Hanifa akamkumbatia Kadzo kwa nguvu.

"Kadzo kachomwa?" Zainabu aliuliza.

"Kachomwa."

"Yuko wapi?"

"Mapajani pangu. Amelala."

"Usimweke chini," Zainabu alisema. "Wala usimpe mtu mwingine. Mpaka nije."

"Simweki."

Zainabu aliletwa wakati wa magharibi, pamoja na maiti. Alimkuta Hanifa pale pale barazani, miguu imekufa ganzi, amemshika Kadzo kwa mikono yote miwili.