Sauti ya Kornelia

Restituta alikuwa mkulima wa ngano na maharage huko Gitting, na ndiye aliyetunga nyimbo zote za kwaya ya kigango chao. Dada yake, Kornelia, ndiye aliyeongoza kuziimba. Walipokwenda kurekodi Arusha, wanakwaya waliuza mbuzi wao ili kulipia studio. Lakini kaseti zilipofika Katesh, wenye vibanda walinunua moja tu, wakarekodi nakala zao wenyewe na kuziuza. Katoni za kaseti za kwaya zilibaki nyumbani kwa Restituta hadi mvua ikaziharibu. Kwaya ikavunjika. Kornelia akafariki akiamini kwamba watu hawakuzipenda nyimbo zao.

Miaka mingi baadaye, mnadani, Restituta aliisikia sauti ya dada yake ikitoka kwenye spika ya Festo, aliyekuwa akiwauzia watu nyimbo za kuweka kwenye simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wimbo huo umeupata wapi?"

"Nilirushiwa tu, mama. Ni wa zamani, lakini watu wanauomba kila siku."

"Anayeimba unamjua?"

"Hapana."

"Ni dada yangu, marehemu. Hatukumruhusu mtu yeyote auuze."

Festo aliinamisha kichwa. "Basi naufuta, mama. Nisamehe."

Restituta akamshika mkono haraka. Nyumbani hakubakiwa na kaseti hata moja.

"Usifute," alisema, akimpa simu yake. "Niwekee na mimi."

Akasimama pale pale akilia, akimsikiliza Kornelia akivuta pumzi kabla ya ubeti wa pili.