Vifungo Vitano

Fundi alishona sare za shule, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi. Mumewe, alipoambiwa kuwa akili ya mtoto wao wa kike haitakua sawa na mwili, alisema anatoka kununua sigara. "Mpaka leo anazitafuta," Fundi huwaambia wateja, nao hucheka.

Binti alipofika miaka ishirini na mitatu, hakuwa akijua kuwa gari huua. Ndiyo maana Fundi alikuwa akimfungia ndani, mpaka kituo cha kutwa cha wenye ulemavu wa akili kilipompokea. Mlezi wa kituo alimwita "bibie", akamfundisha kunawa na kukaa na wenzake. Kufunga vifungo vya shati alifundishwa na mama yake, nyumbani, kwa miezi kumi na minne. Siku alipofunga vyote vitano, Fundi alipiga vigelegele hadi majirani wakauliza nani kaolewa. Tangu hapo, kila akimaliza kufunga, binti alisimama kungoja vigelegele.

Kisha akaja mkaguzi na fomu zake, kuhakiki nani anastahili nafasi kituoni. Binti, kwa kutaka kumfurahisha mgeni, alifungua shati lote mbele yake, akalifunga tena, akasimama kungoja.

"Hongera, mama," mkaguzi alisema huku akiandika.

Barua ikafuata: anajimudu, nafasi yake apewe mwenye shida zaidi.

Fundi alikwenda mbio ofisini kwa mkaguzi. "Anajua shati, baba, hajui barabara!"

"Fomu haiulizi barabara, mama. Rudi mwakani."

Mwaka mzima binti aligonga mlango wa chumba alimofungiwa tena, na Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu ili wateja wasisikie. Uhakiki ulipokaribia, alichukua rula yake ya mbao. Kila binti alipogusa kifungo, ilimshukia vidoleni.

"Acha! Wewe hujui kufunga. Sikia, hujui!"

Mara ya kwanza binti alidhani ni mchezo, akacheka. Baada ya wiki moja alikuwa akificha mikono kwapani.

Mkaguzi alikuwa yuleyule. "Haya binti, funga shati tuone."

Binti alimtazama mama yake, akajikojolea palepale kitini.

"Duh, ameshuka sana," mkaguzi alisema. "Pole, mama. Safari hii nafasi anapata."

"Asante, baba. Mungu akubariki," Fundi alisema, na alishukuru kwa dhati. Hilo ndilo lililomkera njia nzima ya kurudi.

Jumatatu alimpeleka kituoni. Mlezi alikuja akikimbia, "Bibie wangu!", akainua mkono amshike shavu. Binti akajikunja, kichwa magotini.

Mlezi aliona vidole vilivyovimba. "Fundi, nani anampiga huyu?"

"Sijui, dada," Fundi alisema. "Labda majirani. Watu wana roho mbaya."

Akamwacha hapo mlangoni, akawahi cherehani yake. Sare sitini zilikuwa zinamngoja.