Tochi Zilizoingia Nilipokuwa Mwanza

Miezi niliyokaa Mwanza nikimuuguza mke wangu, duka letu la tochi mjini Tabora lilibaki na mdogo wake wa kiume. Mke wangu tulimzika kwao Urambo, na matanga yalipokwisha nikarudi dukani, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda asubuhi. Nilikuta rafu zimebadilika. Zile tochi ndefu za betri kubwa, ambazo mke wangu alizipanga kwa kimo kama wanafunzi mstarini, zilikuwa zimesukumwa chini. Juu vilikaa vitu vidogo vyeusi, vingine havizidi kidole gumba.

"Shemeji, hizi ndizo zinazotoka sasa," akasema yule mdogo wa mke wangu. "Keti nikuonyeshe."

Nikaketi. Akaniwekea moja kiganjani. Betri imo humohumo, inachajiwa kwa waya uleule wa simu. Kitakoni ina sumaku. Fundi anaibandika kwenye boneti akafanya kazi kwa mikono miwili. Ukiiwasha mwanga wa juu kabisa inapata moto, nayo inajipunguza yenyewe isije ikaungua. Alinieleza polepole, kama anayemnywesha mgonjwa uji. Nilirudia kila alichosema, na nilikielewa. Zamani kitu kipya kikiingia dukani sikupata usingizi kabla ya kukifungua. Safari hii nilikuwa kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Adhuhuri akaja mzee mmoja wa Ipole, mrina asali, mteja wetu wa kila msimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia siku hizi kuna ya taa nyekundu?"

Warina asali wa kwao hufunga kitambaa chekundu kwenye tochi wanaporina usiku, maana nyuki hawauoni vizuri mwanga mwekundu. Nikamtolea yenye mwanga mweupe na mwekundu pamoja. Tukainama chini ya kaunta penye giza, yeye akiibonyeza na kucheka.

"Haya, kitambaa sasa cha kufutia jasho." Kisha, akiwa bado ameinama, akauliza, "Na mama yuko wapi leo? Nimemletea chupa yake."

"Tumemzika," nikasema. "Chaji ikikaribia kwisha, hiki kitaa cha ubavuni kinawaka."

Mzee akainuka. Akanitazama, akamtazama shemeji, ambaye alikuwa amegeukia rafu. Akaizima tochi. Akatoa chupa ya asali mfukoni, akaiweka kauntani, akazunguka upande wangu na kuketi nami juu ya kreti. Akanishika mkono. Nilihisi ugumu wa kiganja chake, basi. Nilingoja machozi, kwa kuwa niliona hapo ndipo pake. Hayakuja.

Wateja waliingia, shemeji akawahudumia. Gari la Sikonge, la kumrudisha kwao, likapiga honi kule stendi, mzee hakuinuka.

"Litakuja jingine," akasema.

Lilipokaribia jingine, akaomba nimwonyeshe namna ya kuifunga tochi isiwake yenyewe mfukoni. Nikamwonyesha: unashikilia swichi mpaka ipepese. Akajaribu, akakosea, akapata.

"Nitakuja kabla ya msimu," akasema. "Kukusalimia tu."

Nikamwambia karibu. Alipoondoka nikachukua tochi nyingine kwenye rafu, nikamuuliza shemeji hiyo nayo inafanya nini.