Koki Nilizozipa Majina ya Walimu

Mwanangu, kuna Jumatatu moja ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka. Najua unacheka kwamba mtu wa kidato cha sita anakuita mwanangu. Cheka tu. Lakini wiki ijayo naanza mitihani, nikimaliza naondoka, na funguo za kibanda cha kitaluni nakuachia wewe, ambaye juzi ulichomeka waya wa pampu kwenye tundu la taa. Kwa umri wa klabu yetu ya sayansi, mimi ni mzee. Kaa chini.

Nilikuwa kidato cha tatu. Kina mama wa huku Uru walikuwa na kitalu cha miche ya kahawa kando ya mfongo, ule mfereji wetu wa kale unaoteremsha maji kutoka mlimani. Mibuni ya vihamba vingi, mashamba yetu ya nyumbani, ilikuwa imezeeka na kung'olewa, watu wanasubiri miche. Mwenyekiti wao, Bibi Manka, alikuwa amewaahidi kwamba masika yakianza hakuna atakayebaki na shimo tupu. Sisi wa klabu tukamfungia mtambo wa kumwagilia: matuta manne, kila tuta na koki yake ya umeme na kipimo chake cha unyevu, vyote vikiongozwa na kompyuta ndogo iliyokaa kibandani.

Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo nilipoharibu. Kila koki ina programu yake ndogo inayoisimamia, tunaiita seva. Seva zote nne ni mapacha kabisa. Kinachozitofautisha ni faili la mipangilio. Humo unaandika jina la koki, waya ambao koki imeunganishwa nao, na unyevu ukishuka hadi wapi maji yafunguliwe. Seva inalisoma faili lake mara moja tu, inapowashwa, kisha inatii kilichoandikwa bila kuuliza swali.

Kazi ya kuandika mafaili nilipewa mimi, na mimi nilikuwa naumwa ugonjwa wa kuchekesha watu. Koki ya kwanza nikaiita Kipara, kwa heshima ya mwalimu wa hesabu. Ya pili Kasuku, mwalimu wa nidhamu. Ya tatu Twiga, ya nne Presha. Klabu nzima ilicheka mpaka tukapigishwa magoti. Na koki gani iko tuta gani? Hilo nililihifadhi kichwani mwangu, mahali ambapo hata mimi huwa sipati vitu.

Ijumaa nikaenda Kahe kumsaidia mjomba kuvuna mpunga. Simu ikazama kwenye tope siku hiyo hiyo. Huku nyuma, Jumamosi asubuhi, kina mama wakahamishia miche michanga, ile ambayo bado imevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia, kwenye tuta lililo karibu na mfongo. Mipangilio ya tuta hilo ilikuwa ya miche mikubwa, inayovumilia kiu. Jua likapiga, miche ikaanza kulala.

Neema, msichana wa kidato cha pili niliyemwachia funguo, akafungua mafaili ili apandishe kiwango. Akakuta Kipara, Kasuku, Twiga na Presha, na namba zisizo na maelezo yoyote. Akachagua Twiga, kwa kuwa mwalimu huyo anaishi karibu na mfongo, akaongeza namba, kisha akazima kompyuta yote na kuiwasha tena. Ilikuwa akili nzuri kuliko yangu. Ila Twiga ilikuwa koki ya tuta la mbegu zilizokuwa ndiyo kwanza zinachipua. Maji yakamwagika pale usiku kucha, mbegu zikafukuka, na upande wa mfongo miche ikazidi kukauka. Bibi Manka alipotoka kanisani Jumapili alichomoa umeme, akaita wenzake, wakabeba ndoo wakiwa bado wamevaa nguo za misa.

Jumatatu nikarudi. Kompyuta nikaikuta imefungwa ndani ya gunia, imewekwa juu ya banda la kuku.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Twiga ni nani?"

Nikamweleza. Nilitegemea atacheka, maana yule bibi ni mtu wa utani. Hakucheka. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye kihamba chake.

"Huu mgomba gani?"

"Mshare, Bibi. Ndizi za mtori."

"Nani kakwambia?"

"Mbona kila mtu anajua."

"Haya. Mimi niamue kuuita Kiatu, nicheke peke yangu, halafu nife kesho. Wewe mtori utapika na nini?"

Akaniachia mkono.

"Nusu ya miche imekwenda," akasema. "Wale niliowaahidi utawapitia mwenyewe uwaeleze. Siyo Neema. Wewe."

Nilipita nyumba kwa nyumba, mwanangu. Meku mmoja, mzee wa huku kwetu, alinionyesha mashimo aliyochimba kwa mikono yake, yamejazwa samadi tayari. Hakunigombeza. Alirudi tu ndani. Afadhali angenigombeza.

Nikamwomba Bibi Manka anirudishie kompyuta. Akakubali kwa sharti moja: mtambo utarudi kazini siku ambayo yeye na Neema wataweza kuubadilisha mimi nikiwa nimesimama nje, mdomo umefungwa.

Nikaanza upya. Niliwauliza kina mama wanayaitaje yale matuta, nikaandika hivyo hivyo: la mfongoni, la mlangoni, la parachichi, la juu. Juu ya kila namba nikaweka maelezo ya Kiswahili, ni ya nini na ukiipandisha kitatokea nini. Nikaandika kwamba ukishabadilisha lazima uiwashe seva upya, la sivyo itaendelea na ya zamani. Na pembeni nikaacha nakala ya faili lililokuwa likifanya kazi, yenye tarehe, ili atakayekosea awe na pa kurudi.

Siku ya jaribio nilisimama nje, mikono nyuma. Ndani namsikia Bibi Manka akisoma taratibu: "Ukiongeza namba hii, maji yatafunguka mapema. Haya Neema, ongeza."

Kimya. Hakuna koki iliyolia tak, kama zinavyolia zikifunguka. Nikajua hawajaiwasha seva upya. Ulimi uliniwasha kuliko pilipili, nikauuma.

"Rudi juu kidogo," Bibi akasema. "Kuna mstari tumeuruka."

Baada ya muda koki ikalia, na maji yakatoka kwenye tuta la mfongoni, siyo kwingine. Bibi Manka akatoka, akatumbukiza kidole kwenye udongo, akawaambia wenzake, "Kesho tunasia mbegu nyingine." Masika yale waliopata miche ni nusu. Wengine walisubiri zaidi ya mwaka, na kila nilipopita kwao nilisalimia kwa sauti ndogo.

Basi nakuambia hivi. Utani siukatazi, mimi mwenyewe sijaacha. Watanie watu, wana midomo ya kukujibu. Lakini faili la mipangilio liandike kwa ajili ya mtu aliyeachwa na shida wakati wewe hupatikani. Kila kitu kiite vile wenyewe wanavyokiita. Kabla hujabadilisha, weka nakala. Ukishabadilisha, washa seva upya, kisha toka nje ukaangalie maji kwa macho yako. Na usiseme umemaliza mpaka mwingine ameweza bila wewe.

Nenda, mwanangu. Umeme usikatike kabla hujahifadhi. Panya wale mahindi, waya wakuachie. Mikono yako itulie, na kila utakachokiacha nyuma yako kimfae mtu usiyemjua jina.