Umeme wa Kwa Yaya

Juzi niliingia kwenye duka moja karibu na bandari ya Kalemie kununua pasi. Kabla ya kuuliza bei nikaigeuza, nikasogeza miwani, nikaanza kutafuta yale maandishi madogo ya volti. Kijana muuzaji akacheka: "Mama, hii njo mupya, haina shida." Nikamwambia najua. Ningemwelezaje? Wewe nitakueleza.

Enzi za Zaire tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mimi, baba yangu, yaani Papa, na bibi, tuliyemwita Kambo. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na aliyenilea ni dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya. Mgongo wa kwanza ninaoukumbuka ni wake. Kisha akaolewa na mwanamume aliyepata nafasi ya kusoma Amerika, wakaondoka. Nyumba ikanyamaza. Bibi alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, bila kuimba. Papa alirudi kutoka kazini, akala, akalala. Mimi nikazoea kuongea na kuku.

Tulikaa muda mrefu bila habari zake, mpaka siku padre mmoja alipotuletea mzigo kutoka kwake: radio kaseti inayong'aa, na ndani yake kaseti moja. Barua haikuwamo. Yaya alijua bibi hasomi, akaona bora amtumie sauti.

Papa aliikagua mashini kwa furaha. Tatizo aliloliona lilikuwa moja tu: vyuma vya kichwa cha waya vilikuwa bapa, na matundu ya ukutani kwetu ni ya mviringo. Akakata kile kichwa, akafunga kingine, akachomeka. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Papa akabonyeza.

"Papa, Kambo, na wewe kadogo kangu..."

Ilikuwa Yaya mwenyewe, kama amesimama mlangoni. Kisha pakasikika mlio, pu, na moshi ukatoka ukinuka plastiki. Bibi akairukia ile mashini kwa mikono mitupu. "Toa mutoto wangu humo!" alilia. "Toa!"

Papa alichomoa waya. Mashini ilikuwa imekufa, lakini kaseti ilitoka nzima. Jumapili, baada ya misa, tukaenda nayo kwa mama jirani, muuza ndagala, aliyekuwa na radio kaseti ya betri. Betri zenyewe alizianika kwanza juani ili zipate nguvu. Tukaketi kwenye mkeka wake, kukanuka samaki, tukasikiliza.

Yaya alitusalimu mmoja mmoja, halafu akasema: "Papa, usichomeke hii mashini hivi hivi. Tafuta kwanza transfo, kile kisanduku kizito cha kupunguza nguvu. Umeme wa huku ni volti mia moja na kumi, wa kwetu ni mia mbili na ishirini. Utaiunguza."

Mama jirani akaziba mdomo. Papa alicheka mpaka akafuta machozi, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Yaya aondoke. Lakini kaseti ilikuwa bado inazunguka. "Huku kuna baridi," sauti iliendelea, sasa chini zaidi. "Bwana akienda masomoni, sina muntu wa kuongea naye mpaka jioni. Leo naongea na mashini."

Hakuna aliyecheka tena. Bibi aliuliza, "Kama hata moto wa kule si kama wetu, mutoto wangu anaishi namna gani?"

Kesho yake shuleni nikamwuliza mwalimu wetu kwa nini umeme wa kule si kama wetu. Alisema Wamarekani walitangulia kufunga umeme majumbani, na taa zao za mwanzo zilitaka nguvu ndogo. Baadaye ilijulikana kwamba nguvu ikiongezwa, waya mwembamba wa shaba unatosha. Lakini nyumba zao zilikwisha kujaa vifaa, nani angevitupa? Ulaya ilichelewa, ikachagua nguvu maradufu. Na sisi, waya zetu tulifungiwa na Wabelgiji, tukapata ya kwao.

Nilimpelekea bibi maelezo yote. Akafikiri. "Wangetuuliza," akasema, "tungewaambia waweke sawasawa."

Kaseti ile tuliicheza mpaka utepe ukakatika. Nyingine zilikuja, kisha zikapungua, kisha hazikuja. Katika ile nyumba ya reli sasa wanakaa watu nisiowajua, na siku hizi hakuna anayeniita kadogo.

Yaya alirudi mara moja tu, tukiwa bado kwenye nyumba ile ile. Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa, Papa ni mzee asiyesikia vizuri. Kiswahili cha Yaya kilikuwa cha polepole, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. Jioni ya kwanza alisimama jikoni kwetu akitazama huku na huku, akaniuliza kwa adabu, kama mgeni: "Samahani, chumvi munaiweka wapi?"

Ilikuwa palepale alipozoea kuiweka yeye. Nikamwonyesha, kisha nikatoka nje nikijifanya naleta makaa.