Asiyelamba Hajahesabu

Dadangu mdogo ana tabia ya kuonja dunia. Chaki, nguzo ya geti, ukucha wa mguu wake mwenyewe: kila kitu lazima kipite ulimini kwanza. Nasema hili mapema ili mjue kwamba ugonjwa sikuuleta mimi. Mimi niliupa kazi tu.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mimi nilikuwa nasubiri kuingia fomu ya pili, yeye anasubiri intavyuu ya darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyo nyuma ya estate yetu hapa Umoja. Nasari yake ya kanisani ilikuwa imekufa katikati ya mwaka, mwalimu alipoolewa akahama na kanisa lisipate mwingine. Mtoto alikuwa anajua nyimbo mbili na sala ya chakula, basi. Mathe, yaani mama, ambaye hushinda kwenye kiwanda cha sabuni na kurudi akinuka ndimu hadi kwenye nyusi, akaniweka chini. Mtoto akikosa nafasi, alisema, atapelekwa Kitui kwa nyanya mwaka mzima, na anayeshinda nyumbani bure ni mimi. Hakutaka nimshikie kiboko. Alitaka afundishwe kwa mchezo, humo humo ndani ya kazi za nyumbani.

"Mchezo ndio unaujua," akaniambia. "Leo angalau utatufaa."

Nikajifanya sijali. Tunalala kitanda kimoja, na huyo mtoto hukojoa kama bomba lililong'oka koki. Akienda Kitui, mimi nalala pakavu. Niliwaza hivyo siku mbili nzima, hadi nilipomkuta akificha viatu vyangu vya shule ndani ya mfuko alioandaa wa safari, ili na mimi nilazimike kwenda. Ndani ya kimoja alikuwa ameshindilia ugali wa kula njiani. Ugali na sukumawiki. Nilikwangua kiatu kile kwa kijiko huku nikijiapia kwamba mtoto huyu atasoma hapa hapa, apende asipende.

Tukaanza na maharagwe: mazima huku, mabovu kule. Akatenga rundo la tatu, la fukusi, kwa sababu hao wanatembea, na akasema hao ndio wa maana. Mchana huo sikula. Vifungo alijifunzia kwenye sweta la mathe nikiwa nimelivaa mimi, akinipumulia usoni na makamasi yake mawili yakipanda na kushuka kama lifti. Herufi tuliandika kwa kijiti kwenye tope la kando ya mfereji wa majitaka, maana ndilo tope pekee lililokuwa laini. Harufu ya herufi A sitaieleza. Kuna watu wanasoma hii wakila.

Kuhesabu ndiko kulikokwama. Nilikuwa nimeokota vizibo ishirini vya chupa nyuma ya baa, vimegandamana kwa bia iliyochacha na nywele za mtu nisiyemjua. Nikaviosha mara tatu kwa sabuni ya mathe. Bado vilinuka kama mjomba siku ya Krismasi. Mtoto anafika cha sita, anarudi cha pili. Kizibo kimoja anakihesabu hata mara nne. Hapo nikaukumbuka ulimi wake. Nikamwambia mchezo una sheria: asiyelamba hajahesabu. Ukishakilamba, umekimaliza, tupa kwenye sufuria.

Siku hiyo hiyo akafika ishirini. Shida ikabaki moja. Hakubali kuanza kabla mimi sijalamba cha kwanza. Nikawa nalamba kidole gumba changu nyuma ya kizibo, kwa siri, na yeye anaendelea. Wiki ya mwisho alikuwa ameanza kunishuku.

Januari mathe akaomba ruhusa kazini, tukaenda watatu. Kupitia dirisha niliona mvulana wa mbele yetu akihesabu kwa kidole, na kila baada ya vizibo viwili kidole kile kinarudi puani kupumzika. Halafu tukaitwa sisi.

Mkono kupita juu ya kichwa hadi sikio la pili: alifika. Kifungo: akafunga. Kisha mwalimu, mama mmoja mwenye miwani na laini ya watoto hadi getini, akamwaga mkebe mezani. Vizibo vya shule. Vimeshika chaki, vimeshika chingamu kavu, na vingine vilikuwa bado na unyevunyevu.

"Nihesabie ishirini," mwalimu akasema.

Dadangu akachagua kimoja, akanigeuzia. "Wewe kwanza."

Mathe akaniangalia. Nikamnong'oneza mtoto kwamba hapa si nyumbani, ahesabu tu. Akatikisa kichwa. Mwalimu akatazama saa, kalamu ikasogea kwenye karatasi, mahali penye jina la mtoto.

"Mwalimu, ni mchezo wetu tu," nikasema.

"Basi cheza. Wengine wanangoja."

Nikakiweka mdomoni na kidole gumba changu nyuma yake, kama kawaida. Dadangu akanishika kidevu kama daktari.

"Toa ulimi."

Kalamu iko pale. Kitui iko pale. Nikautoa ulimi, na mbele ya mamangu mzazi nikakilamba kizibo cha serikali. Chaki, kutu, na chumvi fulani ambayo najua ilitoka kwa nani.

Dadangu akatabasamu, akalamba cha pili. Akalamba vyote. Ishirini, bila kuruka hata kimoja. Mwalimu alikuwa amevua miwani na kuangalia ukuta, lakini aliandika, na alichoandika ni kwamba aje Jumatatu.

Mathe akampangusa mtoto mdomo kwa leso, kisha akanipangusa mimi kwa upande ule ule, kwa nguvu.

Mlangoni mama aliyefuata kwenye laini akaniuliza wanaulizwa nini huko ndani. Nikamwambia asiogope, ni kuhesabu vizibo tu, na vimeoshwa sasa hivi.